Jibu: Unga mweupe kwenye majani ya maboga, nimwage bekingi soda?

Pole ndugu, hapo ulipouliza kama umwage bekingi soda kwenye shina la maboga ili ule unga mweupe uishe, nakuomba chini usimwage kabisa. Ina sodiamu ile, ukiizoesha udongo inabaki humo humo hasa kama umepanda kwenye viroba, mwisho mizizi inashindwa kunywa maji na majani yanaanza kukauka pembeni.

Huo ni ubwiri unga, fangasi anayekaa juu ya jani, kwahiyo dawa nayo inapigwa kwenye jani. Mimi nachukua maji lita 1, kijiko kimoja cha chai cha bekingi soda, kiwe sawasawa kisiwe na mlima, na matone machache ya sabuni ya maji ya vyombo ili ishike, natikisa halafu nanyunyiza jioni jua likishapoa, juu na chini ya jani. Anza na majani mawili matatu usubiri siku 2. Mwaka jana niliongeza vijiko nikidhani itafanya kazi haraka, kesho yake matango yakawa na madoa ya kahawia kama yamepigwa pasi, niliumia sana.

Na soma pakiti vizuri, bekingi pauda siyo hiyo, magadi ya kulainishia maharage nayo siyo, yale ni makali zaidi.

Jani lililokwisha kuwa jeupe lote likate utupe mbali, hilo haliponi tena, soda inakinga yale mengine tu. Punguza na majani ya katikati hewa ipite.