Maswali ya Wasomaji: Atomaiza Inaungua, Inavuja, Inanuka

Maswali ya toleo hili yanahusu atomaiza, kile kichwa cha sigara ya kielektroniki kinachobeba tangi, utambi na koili. Tukiyasoma pamoja tunaona jambo moja: watu wanahangaika na kisichosafishika na kukisahau kinachosafishika. Tangi, mdomo, kitako na oringi, zile pete za raba za kuzibia, huoshwa. Utambi ulioungua hutupwa. Na chochote kinachobaki ndani ya tangi, iwe sabuni, mafuta au spiriti, kinakwenda kwenye mapafu, kwa hiyo kwenye vifaa vya kuoshea hatutalegeza kamba. Majibu haya ni ya watu wazima ambao tayari wanatumia vepu, yaani hizo sigara za kielektroniki. Asiyetumia tunamsihi asianze, kwa maana nikotini hulevya na kuiacha ni kazi.

Nilinunua koili mpya ya omu 0.8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Siku ya tano ikaanza ladha ya kuungua. Nikaichemsha kwenye sufuria na kuianika juani, lakini nusu saa tu baada ya kuirudisha hali ikawa ile ile. Au niliichemsha muda mfupi mno? Msomaji, Tanga

Hapana, ndugu yetu. Hata ungeichemsha mpaka jioni matokeo yangekuwa hayo hayo. Koili ya kiwandani ni waya au wavu wa chuma uliozungushiwa pamba, vyote vikabanwa ndani ya kikopo kisichofunguka. Ladha unayoisikia ni ya pamba iliyobabuka, na pamba iliyobabuka haina tiba. Maji ya moto huondoa juisi ya zamani, yaani kile kimiminika kinachogeuzwa mvuke, lakini ile gamba nyeusi iliyoshika kwenye waya hubaki palepale. Juu ya hayo, pamba hukauka nje huku ndani ikiwa bado na maji, na maji hayo ndiyo yanayofanya koili ikorome na kurusha matone ya moto ulimini.

Kuisuuza koili ya namna hii kuna faida pale tu ambapo haijaungua na unataka kubadili ladha. Itie kwenye maji ya uvuguvugu bila sabuni kwa dakika 10, badili maji mara mbili, ipulize kutoka juu ili maji yatoke kwenye matundu ya pembeni, kisha ilaze juu ya karatasi ya jikoni kwa saa 24. Pwani, ambako hewa ina unyevu, ipe saa 48.

La maana zaidi ni kujua kwa nini ilikufa siku ya tano, kwa sababu koili inayotendewa haki hukaa wiki moja hadi mbili. Anza na juisi. Zile tamu sana mara nyingi zina sukralosi, kitamu cha bandia, na sukralosi ikipata moto huganda kwenye waya kama sukari iliyoungulia sufuriani. Juisi za rangi ya giza, kama za karameli, kahawa na tumbaku, nazo huchafua haraka. Halafu soma wati zilizoandikwa ubavuni mwa koili. Ikiandikwa 12 hadi 16, anza na 12. Ukiiwasha kwa 20 utambi hauwahi kuleta juisi na pamba inaungua. Angalia pia uzito wa juisi. Koili ya omu 1 na kuendelea ina matundu madogo na inataka mchanganyiko mwepesi, nusu gliserini na nusu propilini glikoli, vimiminika viwili vinavyounda juisi; gliserini ndiyo nzito. Juisi nzito yenye gliserini asilimia 70 inafaa koili za chini ya omu 1 zenye matundu mapana.

Mwisho, koili nyingi huuawa siku ya kwanza. Kabla ya kuifunga, dondosha juisi matone mawili kwenye kila tundu la pembeni na mawili katikati, funga, jaza tangi, kisha subiri dakika 10 bila kubonyeza kitu. Ukianza kuvuta, acha sekunde 15 hadi 20 kati ya mvuto na mvuto.

Nataka kuosha tangi langu vizuri. Spiriti ya dawa ya duka la dawa inafaa? Na huku kwetu maji ni ya kisima, ya chumvi. Msomaji, Mombasa

Spiriti ya dawa usiitumie. Ile ya kusafishia vidonda mara nyingi huongezwa mafuta ya mbarika na viungo vingine vinavyobaki baada ya kimiminika kuruka, na ile ya zambarau ya kuwashia jiko ina methanoli, ambayo ni sumu. Vitakasa mikono navyo vina jeli na manukato. Kama unahitaji alkoholi, tafuta ya aisopropili, asilimia 90 au zaidi, kwa ajili ya chuma na kioo tu. Tangi la plastiki likiguswa nayo hufanya nyufa nyembamba na baadaye hupasuka. Kwa sababu hiyo hiyo juisi zenye ladha ya mdalasini au limau hazipendani na matangi ya plastiki.

Uoshaji wa kawaida hauhitaji alkoholi. Tenganisha tangi na betri kwanza; betri na sehemu ya umeme hazikaribii maji kabisa. Mwaga juisi, fungua kila kinachofunguka: mdomo, kifuniko, kioo, bomba la katikati, kitako, pete ya hewa. Toa koili uiweke kando. Chomoa oringi kwa kijiti cha meno cha mbao, usitumie sindano kwa kuwa huzichana, na ukumbuke kila moja ilikaa wapi. Piga picha kwa simu kabla ya kuanza. Inaokoa muda mwingi.

Weka vipande kwenye bakuli lenye nusu lita ya maji ya uvuguvugu na matone mawili ya sabuni ya maji ya vyombo isiyo na harufu kali. Viache dakika 20. Maji yanayochemka hayatakiwi: hupasua kioo chenye ufa na kupindisha plastiki. Sugua kwa mswaki laini ulioutenga kwa kazi hiyo, hasa meno ya kufungia na matundu ya hewa, kwani hapo ndipo juisi huganda na kunata. Suuza mpaka vidole visisikie utelezi wowote, halafu suuza tena. Harufu ya juisi ya zamani ikigoma kutoka kwenye chuma na kioo, loweka kwenye glasi ya maji yenye kijiko kimoja cha chai cha magadi ya kuokea usiku kucha.

Sasa hayo maji yenu. Maji ya kisima cha pwani huacha chokaa, na chokaa ikikaa kwenye meno ya kufungia, tangi halizibi sawasawa. Osha kwa maji hayo ukipenda, lakini suuza ya mwisho iwe ya maji ya kunywa ya chupa. Madoa meupe yaliyokwisha kushika huondolewa kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa, dakika 15, kisha suuza sana. Usidanganyike na chupa ya "maji ya betri" kutoka gereji: nyingine ni maji yaliyoondolewa madini kweli, nyingine ni asidi ya salfa, na chupa hufanana.

Kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha acha wazi saa chache kabla ya kufunga. Fanya hivi mara moja kwa wiki, au kila unapobadili koili.

Tangi langu ni la kujitengenezea koili. Nimeona watu wanachoma koili mpaka iwe nyekundu ili kuisafisha. Ni salama? Msomaji, Nairobi

Ni njia nzuri, ila inategemea waya. Nyaya za aloi za kanthali na nikromu huvumilia. Chuma kisichoshika kutu kichome kidogo tu, kianze kuonyesha wekundu hafifu uachie. Nikeli tupu na titani zisichomwe kamwe. Titani ikipata moto mkali huota unga mweupe wa oksidi, na huo si wa kuvuta. Kama hujui waya wako ni wa aina gani, usiuchome. Tupa, weka mwingine unaoujua.

Ukiwa na uhakika, toa pamba yote, hata kipande kilichojificha kati ya mizunguko, kisha ondoa kioo na mdomo. Kaa karibu na dirisha na usivute moshi wake. Weka wati 10 hadi 15 kwa koili ya kawaida ya omu 0.6 hadi 0.8, bonyeza sekunde moja au mbili, achia, rudia. Gamba litageuka majivu. Acha ipoe kabisa, ndipo upitishe brashi laini chini ya maji. Mara tatu au nne zinatosha. Usifanye kazi hii kwa kifaa kisichodhibiti wati. Koili ya omu 0.1 kwenye betri iliyojaa volti 4.2 huvuta ampea 42, na betri nyingi za 18650, zile za mviringo za vepu, zimepangiwa ampea 20 hadi 30 tu.

Tazama inavyowaka. Koili nzima huanza katikati na wekundu ukasambaa pande zote mbili sawa. Ikiwa mguu mmoja ndio unaowaka kwanza, kaza skrubu ya mguu huo. Doa moja likiwaka zaidi ya mengine, pitisha kibano cha kauri juu ya mizunguko, koili ikiwa imezimwa, kuisawazisha.

Pamba mpya ipite kwa ugumu kidogo, koili itikisike bila kupinda. Ikibana, juisi haifiki na utaunguza. Ikilegea, juisi hufurika na kukoroma. Una shaka kama ni pamba tupu? Choma kipande kidogo: pamba huacha majivu laini na kunuka karatasi iliyoungua, poliesta huyeyuka ikaacha punje ngumu.

Vepu yangu inavuja kila siku mchana, hasa nikiiacha garini. Rafiki kaniambia nipake oringi mafuta ya nazi. Msomaji, Dar es Salaam

Usipake mafuta ya nazi, wala yale ya mgando ya kujipaka, wala grisi. Yale ya mgando na grisi hutokana na petroli, na huvimbisha raba za silikoni. Lakini sababu kubwa ni kwamba mafuta yakiingia mapafuni hayana njia rahisi ya kutoka, na yanaweza kuleta nimonia ya mafuta. Marekani mwaka 2019 ilikumbwa na mlipuko wa ugonjwa wa mapafu kwa watumiaji wa vepu. Kufikia Februari 2020 wagonjwa 2,807 walikuwa wamerekodiwa, na 68 walikufa. Kilichohusishwa zaidi ni vitamini E asetati, kitu cha mafuta kilichowekwa kwenye juisi za bangi. Oringi ikikauka, ilainishe kwa tone la gliserini au la juisi yako yenyewe. Ikiwa na ufa au imekuwa bapa, badilisha, na uchukue ya kipimo kile kile.

Kuvuja kwa mchana kunaelezeka. Joto hufanya juisi iwe nyepesi na hewa iliyo juu ya tangi kutanuka, nayo ikakisukuma kimiminika kupitia koili hadi kwenye matundu ya hewa. Usiiache garini, hata betri inaumia. Isimamishe wima, na ukijaza acha nafasi ndogo ya hewa, funga pete ya hewa kwanza, na usimwage juisi kwenye bomba la katikati. Kama bado inavuja, kagua koili: mara nyingi haijakazwa mpaka mwisho.

Skrini inaandika kwamba hakuna atomaiza, na ipo! Msomaji, Arusha

Juisi imeingia kwenye kiunganishi. Zima kifaa, futa pini ya katikati na meno yake kwa kijiti cha pamba chenye aisopropili kidogo, kwa tangi na kwa kifaa, subiri dakika 10. Funga tangi kwa mkono hadi likae, usilinyonge: kukaza mno hudidimiza pini na tatizo huwa la kudumu. Omu zikisomeka tofauti kila mara, koili ndiyo imelegea.

Zile vepu za kutupa, naweza kuzifungua nikazijaza tena? Msomaji, Kisumu

Usifungue. Betri yake ya lithiamu imebanwa bila kinga, ukiichubua inaweza kuwaka, na utambi wake ulipimwa kwa ujazo mmoja. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa vepu za kutupa kuanzia tarehe 1 Juni 2025, takataka za betri zikiwa sababu mojawapo. Nunua ya kujazwa.

Koili zinapatikana wapi Kampala? Msomaji, Kampala

Sheria ya Uganda ya udhibiti wa tumbaku ya mwaka 2015 inakataza sigara za kielektroniki, kwa hiyo hatuwezi kukuelekeza dukani.

Mume wangu huosha vepu kwenye sinki la jikoni, na tuna mtoto wa miaka miwili. Nina sababu ya kuogopa? Msomaji, Zanzibar

Unayo, dada, na tunakuomba umwonyeshe jibu hili. Chupa ya mililita 10 yenye nikotini miligramu 20 kwa kila mililita ina miligramu 200, kiasi cha kuhatarisha maisha ya mtoto mdogo, na harufu yake ni ya matunda na peremende. Nikotini hupenya pia kwenye ngozi. Aoshe kwenye bakuli lisilotumika kwa chakula, avae glavu, amwage maji chooni na kuvuta maji mara moja. Bakuli lenye vipande vilivyolowekwa lisilale mezani. Koili na pamba za zamani zina nikotini bado: zifungwe kwenye mfuko wa plastiki, ziingie kwenye pipa lenye kifuniko. Chupa za juisi zikae kabatini kwa kufuli.

Juisi ikimmwagikia mtoto, mvue nguo, mwoshe kwa sabuni na maji mengi. Akiinywa au kulamba, usimtapishe. Mpeleke hospitali hapo hapo, na uichukue chupa mwende nayo ili daktari asome kipimo. Kutapika, kutoka jasho, kutokwa mate mengi, weupe wa uso na moyo kwenda mbio ni dalili, lakini usingoje zitokee.