Watoto 40, mkasi mmoja: namna tunavyofanya hapa Kadutu

Mama uliyeandika juzi kwamba una watoto 40 wa shule ya Jumapili, kanisa halina pesa ya vifaa, na unataka wafanye kitu kwa mikono yao badala ya kukaa na kusikiliza tu: niko Bukavu, Kadutu, nafundisha watoto wa miaka sita hadi kumi tangu 2014. Mkasi na penseli za rangi ndivyo nilivyonunua. Mengine yote yanatoka jikoni mwa mama zao.

Kukusanya si kazi. Wiki mbili kabla, waambie walete maboksi ya dawa ya meno na ya sabuni, sashe za maziwa ya unga, mifuko ya wavu ya vitunguu, vipande vya kitenge kutoka kwa fundi. Ila usilegeze hapa: chombo chochote kilichobeba dawa, iwe ya binadamu au ya wadudu, kisiingie darasani. Mikebe ya nyanya nayo iache, ukingo wake ni wembe.

Kole, yaani gundi, usinunue. Koroga vijiko viwili vya unga wa muhogo kwenye maji baridi mpaka madonge yaishe, kisha mimina ndani ya kikombe cha maji yanayochemka huku unakoroga, hadi iwe nzito na ing'ae. Inashika katoni vizuri sana ukiigandamiza na jiwe mpaka ikauke. Pika ya siku ile tu, maana kesho kutwa imeshachacha. Na usiku usiache kazi zao chini. Mwaka wangu wa kwanza panya walifuata ule unga wakatafuna safina kumi na mbili, na Jumapili asubuhi nikapokewa na vilio mlangoni. Siku hizi tunazitundika kwenye kamba.

Mwaka huohuo nilifanya kosa kubwa zaidi. Nilikuwa nakata kila kitu nyumbani, wao wanabandika tu. Kazi zilipendeza, lakini ukimwuliza mtoto hadithi yenyewe, kimya. Nikabadilisha: kila tunachotengeneza kiwe na kitu kinachosogea, ambacho mtoto akikisogeza hana budi kusimulia.

Chukua Luka 5, Simoni na samaki. Boksi la dawa ya meno, likatwe upande mmoja, ndiyo mashua. Kipande cha wavu wa vitunguu kinaning'inia chini yake kwa uzi. Samaki ni ule upande unaong'aa wa sashe ya maziwa, wamekatwa vidogo kama sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Ukivuta uzi, wavu unapanda na samaki wake.

Kikundi kimoja kilifunga maboksi matatu sambamba kwa vijiti virefu, kama mitumbwi ya sambaza inavyotoka jioni hapa ziwani Kivu. Nikawaambia kwamba kwenye Luka vyombo ni viwili, na vilikuwa mbalimbali. Wakafungua. Wakati wanafungua, kijana mmoja ambaye baba yake ni mvuvi akashika ule wavu akaniambia: «Mama, lakini mchana sambaza hazipatikani. Zinafuata taa.»

Nilikuwa nimeifundisha hadithi ile miaka mitatu bila kuliona hilo. Simoni amekesha, hana kitu, nyavu ameshaziosha, halafu anaambiwa azishushe tena kumekucha! Mvuvi gani wa hapa angekubali? Watoto walielewa mara moja ukubwa wa lile neno lake, «kwa neno lako nitazishusha nyavu». Tangu siku ile, kabla ya kuvuta uzi, kila mtoto husema kwanza kwa nini Simoni angeweza kukataa.

Usihangaike na uzuri wa mashua. Mwaka 1986, ukame ulipopunguza maji ya Ziwa la Galilaya, ilionekana kwenye tope mashua ya karne ya kwanza, urefu wake mita 8 na kidogo. Mbao zake ni za aina nyingi, nyingine zimetolewa kwenye vyombo vilivyochakaa. Wavuvi wa zama zile nao waliunga kwa walichokuwa nacho. Niliwasimulia hilo, na binti ambaye boksi lake lilikuwa na viraka vinne akaliinua juu wenzake walione.

Safina ni rahisi. Mwanzo 6:15 inataja mikono 300, 50 na 30, basi kata katoni sentimita 30 kwa 5 kwa 3. Watashangaa ilivyokuwa ndefu na nyembamba, tofauti kabisa na ile nono ya kwenye picha.

Kuhusu mkasi mmoja: wagawe wanane wanane. Kikundi kimoja kinakata, cha pili kinapaka kole, cha tatu kinapaka rangi, cha nne kinafunga nyuzi, cha tano kinakaa nawe kusimulia, halafu wanabadilishana. Nusu saa haitoshi. Omba saa nzima, na siku ile usipange somo lingine.