Fundi nijibu: Tairi bado zina kashata nene, nizitupe za nini?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi niko Houston huku Texas, mwaka wa 17 sasa. Mwaka huu mimi na mama watoto tumejilipua tumenunua motahomu ya mtumba, ile ya futi 38 injini iko nyuma, ya mwaka 2009, yaani ni basi kabisa ila ndani kuna jiko, choo na vitanda. Mwezi wa saba tunataka kuwapeleka watoto Grand Canyon. Aliyeniuzia ni mzee mstaafu, alikua anaitumia wiki mbili tatu kwa mwaka, muda mwingine imepaki tu nje ya nyumba yake. Tairi ziko sita, 275/80R22.5, kashata zake (yale meno yanayokanyaga lami) nene kama zimetoka dukani jana. Sasa duka la kwanza wakaniambia tupa zote, bei waliyonitajia nikaomba kiti nikae. Duka la pili jamaa akasema weka mbili mpya mbele, hizo za mbele zirudi nyuma. Shemeji yangu anaendesha matrela, yeye anasema kuna tairi mtumba zimetoka kwenye malori, kashata asilimia 80, nusu bei, au nipande saizi niweke 295 ndo zinabeba zaidi. Nimechanganyikiwa. Ubavuni zimeandikwa 144/141L, na namba ya DOT inaishia 1414. Nilipitisha kwenye mizani ya malori ikiwa imepakiwa kila kitu na sisi wote ndani: mbele paundi 11,460, nyuma 18,900. Nifanyeje? — Baba wa watoto watatu, Houston

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kupima uzito kabla hujauliza, maana wengi wanaoniandikia wananipa rangi ya gari na hawanipi kilo.

Nianze na hiyo 1414 kwa sababu ndo inamaliza ubishi wa nusu ya swali lako. Tarakimu nne za mwisho za DOT ni tarehe ya kuzaliwa ya tairi, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo hizo zimetoka kiwandani wiki ya 14 ya mwaka 2014. Zimepita miaka kumi. Michelin wenyewe, ambao wangependa sifa kwamba tairi zao zinadumu, wanasema zikitimiza miaka mitano tangu uanze kuzitumia zikaguliwe na fundi kila mwaka, na zikifika miaka kumi tangu zitengenezwe zitoke hata kama kwa macho zinaonekana nzima. Wenye motahomu wengi waliozoea hawangoji hata hiyo kumi, wanabadilisha kwenye sita au saba.

Najua unajiuliza, sasa kashata si bado ipo? Hapo ndo watu wanapoumia. Lori linakula kashata, tairi inakua kipara kabla haijazeeka, kwa hiyo dereva wa lori kama shemeji yako amezoea kuangalia kashata na yuko sahihi kwenye kazi yake. Motahomu ni kinyume, tairi inazeeka kabla haijalika. Kwenye mpira wa tairi wanachanganya dawa za kuzuia jua na hewa ya ozoni zisiule mpira, na hizo dawa zinatoka juu vizuri tairi ikiwa inazunguka na kukunjuka. Tairi iliyopaki miezi kumi na moja kwa mwaka haijikunji, inakauka ubavuni, inaanza vimistari kama kisigino cha mtu aliyesahau mafuta, na mabaya zaidi yako ndani kwenye nyaya na mpira unaozishika ambako huwezi kuona hata uweke tochi.

Mimi hili nililijua vibaya. Nikiwa bado utingo kwenye malori ya Dar–Tunduma tulikua na tairi ya akiba imekaa juu ya bodi miaka mingi, mpya, haijawahi kukanyaga lami, ina hadi vile vinywele vya kiwandani. Siku tuliyopata pancha tukaifunga mbele kwa furaha kabisa, hatukufika mbali toka Mikumi ikapasuka na bampa ikaondoka nayo. Dereva wangu alikua mzee wa kazi, hakukanyaga breki, alishika usukani kwa mikono miwili akaiacha gari inyooke na mguu wa mafuta akauondoa taratibu sana. Ndo maana leo nipo naandika. Na wewe lishike hilo: tairi ya mbele ikipasuka breki ni ya mwisho, kwanza gari inyooke.

Kwa hiyo ushauri wa duka la pili, zile za mbele zirudi nyuma, hapana. Tairi ya 2014 haigeuki kua ya 2020 kwa kuhamia nyuma. Na nyuma ziko mbili mbili, ya ndani ikiishiwa upepo huwezi kuijua ukiwa kwenye usukani kule mbele kabisa, mwenzake anabeba mzigo wa wawili, anapata moto, anapasuka, na tairi kubwa ikipasuka nyuma ya motahomu inachana fenda, bomba za maji, waya, chochote kilicho karibu. Nimeona moja ukuta wa bafu umefumuliwa. Badilisha sita zote.

Tairi mtumba za malori nazo hapana, kwa sababu ileile, labda kama DOT yake ni ya mwaka jana, na sijui nani anauza tairi ya mwaka jana yenye kashata asilimia 80 bila sababu. Halafu angalia ni tairi ya kazi gani. Za malori nyingi zinazouzwa hivo ni za nyuma, zenye kashata za mapande mapande kwa ajili ya kuvuta, zina kelele na zinapata joto bure kwenye gari lako. Wewe unataka ile yenye mistari mirefu inayozunguka tairi, inayoruhusiwa kukaa mbele na nyuma, na uweke aina moja kote sita.

Hili la kazi ya tairi sio utani. Kuna tairi ya Goodyear inaitwa G159, ya 275/70R22.5, ilifungwa kwenye motahomu nyingi za Marekani miaka ya nyuma, na kesi zilikua nyingi mahakamani miaka na miaka, madai yakiwa kwamba ilitengenezwa kwa magari ya kusambaza mizigo mjini na sio kwa mwendo mrefu wa haiwei. Mwaka 2022 kampuni ikakubali kuziita zirudishwe, zile zilizotengenezwa kati ya 1996 na 2003. Yako sio saizi hiyo, ila ukisikia mtu anakuuzia tairi "inaingia tu" kumbuka kwamba kuingia kwenye rimu sio sawa na kufaa.

Sasa uzito, na hapa tukae kidogo. Hiyo 144/141 ni mzigo: 144 ni tairi ikiwa peke yake, kilo 2,800, hizo ni paundi 6,175, na 141 ni ikiwa na pacha wake pembeni, kilo 2,575, paundi 5,675. Unaona tairi ileile ikiwekwa mbili mbili inaruhusiwa kubeba pungufu kidogo, maana zinapeana joto na hazigawani mzigo sawasawa barabara ikiinama. Nyuma wewe 18,900 gawa kwa nne ni 4,725, una nafasi ya kutosha, usiwaze. Mbele 11,460 gawa kwa mbili ni 5,730, kwa 6,175 unasema nimepona. Hujapona bado. Mizani ile imekupa ekseli nzima, haijakwambia kushoto na kulia, na motahomu hazipakiwi sawa, friji iko upande mmoja, jenereta, matangi, vile vyumba vya kuvuta nje navyo vina uzito wake. Ikiwa upande mmoja umebeba 6,200 na mwingine 5,260, jumla ni ileile 11,460 lakini tairi moja tayari imezidiwa, na risiti yako haionyeshi.

Bahati nzuri uko Houston. Livingston, saa moja na kitu kaskazini yako kwa barabara ya 59, kuna kambi ya Escapees, klabu ya wenye motahomu, wale wana huduma ya kupima kila pembe ya gari peke yake. Nenda ukiwa umepakia kama siku ya safari: maji yamejaa, mafuta yamejaa, mama watoto na wanangu wote ndani na mabegi yao. Maji usiyadharau, lita 380 ni kilo 380.

Ukishapata pembe nzito kuliko zote kwenye ekseli ya mbele ndo ununue. Kama iko karibu na 6,175 au imezidi, chukua saizi yako ileile 275/80R22.5 lakini ya daraja la mzigo H badala ya G kama hizo zako, inabeba zaidi kwa upepo mkubwa zaidi. Ila soma rimu kwanza, rimu nayo imegongwa mwisho wake wa mzigo na upepo, ukiweka tairi ya upepo wa PSI 120 (ndo kipimo cha upepo) kwenye rimu ya mwisho PSI 110 umehamisha tatizo tu. Na kama mzigo umezidi ule ulioandikwa kwenye kile kibati kilichobandikwa karibu na kiti cha dereva, hapo dawa sio tairi, ni kushusha vitu.

Kupanda saizi kwenda 295/80 sikushauri. Kipenyo kinaongezeka milimita 32, na upana unaongezeka, kwa hiyo zile pacha za nyuma zinasogeleana, na pacha zikigusana ubavuni zinakulana mpaka moja itoke. Mbele nako ukikata kona yote inaweza kusugua. Faida ya kubeba unaipata kwa daraja H bila huo usumbufu.

Kampuni gani? Mimi sina ugomvi na yoyote kati ya zile kubwa. Michelin na Goodyear zote wana tairi wanazotengeneza kwa ajili ya motahomu, na FMCA, klabu nyingine ya wenye motahomu, kwa miaka mingi wamekua na mpango wa bei nafuu kwa wanachama kwenye tairi, piga simu uulize kabla hujalipa bei ya kukaa chini. Mimi nikipewa tairi ya jina kubwa iliyokaa stoo miaka mitatu, na ya jina dogo kidogo iliyotoka kiwandani miezi mitatu iliyopita, nachukua ya pili. Waambie dukani kabla hawajafunga kwamba utasoma DOT ya kila moja na ikizidi mwaka mmoja unairudisha. Namba kamili inakua upande mmoja tu wa tairi, waombe waiweke upande wa nje, kwa zile za ndani soma kabla hazijafungwa. Na valvu zibadilishwe zote ziwe za chuma, hasa ukitaka kuweka vile vihisio vya kukwambia upepo ukishuka, ambavyo kwangu mimi kwa gari yenye pacha nyuma sio anasa.

Upepo usijaze tu namba ya ubavuni, ile ni kwa mzigo wa mwisho. Kuna jedwali la mtengenezaji wa tairi, unaingia na uzito wa pembe nzito, linakupa upepo, ongeza PSI 5 hivi kama akiba bila kuvuka mwisho wa tairi wala wa rimu, kushoto na kulia kwenye ekseli moja viwe sawa. Pima asubuhi kabla hujaondoka. Mchana kule Arizona utaona imepanda sana, usithubutu kuipunguza, inatakiwa ipande.

Na ile L ya mwisho ni mwendo, kilomita 120 kwa saa, ndo maili 75. Ukishaiacha San Antonio unaelekea El Paso kwenye I-10 kuna sehemu vibao vinaruhusu maili 80. Kibao hakijui umefunga tairi gani. Nenda 62, 65, Grand Canyon haiendi kokote.

SWALI: Fundi habari. Sisi tuko Minnesota, motahomu yetu inalala miezi sita ya baridi. Mume wangu anapaka tairi ile dawa ya kung'arisha anasema inalinda. Ni kweli? — Mama wa Minneapolis

JIBU: Salama dada yangu. Mwambie aweke kopo chini. Nyingi ya hizo dawa zina mafuta au spiriti, zinaondoa ule ulinzi wa tairi yenyewe nilioutaja huko juu. Maji na sabuni ya kawaida basi, halafu mzivalishe vile vifuniko vyeupe jua lisizipige. Kabla ya kuipaki jazeni upepo wa kutosha, na mkiweka mbao chini ya tairi hakikisheni ubao umebeba tairi nzima, na za nyuma zote mbili, sio moja inaelea. Kuwasha injini bila kuondoka haisaidii tairi chochote. Na ikifika mwezi wa nne msiondoke na upepo mlioacha mwezi wa kumi.

SWALI: Kaka hiyo ya DOT inafanya kazi hata kwa Coaster yangu hapa Mbagala au ni za Wamarekani tu? Nimeletewa 700-16 mtumba kutoka nje bei chee. — Dereva, Dar

JIBU: Inafanya kazi, tairi nyingi zinazoingia bandarini kwetu zina hiyo namba, itafute pande zote mbili, imezungushiwa kakibox kama yai. Ukikuta tarakimu tatu tu, hiyo ilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, mrudishie aliyekuletea. Na kama sehemu ya namba imesuguliwa na msasa ikawa laini, mrudishie pia, hata kama bei ni ya kutupa.