Nilimwona, ila nilijua ni baiskeli

Wiki hii mmeuliza: je, baiskeli zizuiwe kwenye barabara kuu asubuhi na jioni, saa ambazo watu wanaenda na kutoka kazini? Jibu langu ni hapana, na kwa kawaida ningeishia hapo nikaendelea na mambo yangu. Ila swali limenigusa pabaya, maana mimi ni mtu wa baiskeli, hapa Dar nakaa Mabibo nafanya kazi Chang'ombe, kwa hiyo Barabara ya Mandela yangu ni ile ya External, Tabata Relini, Buguruni, mpaka TAZARA nakata kushoto naingia Barabara ya Nyerere. Na nawajua wasomaji wenzangu, wengi wataandika "zizuiwe, zinaleta foleni". Foleni ya Mandela inaletwa na baiskeli? Yale makontena na matenka ya mafuta yanayotoka bandarini kwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi hamjayaona? Na hizi IST zenye mtu mmoja mmoja ndani, kioo kimepandishwa, AC inapuliza, hizo nazo hazileti foleni?

Basi tuache foleni. Mi nataka nijibu swali ambalo hamjauliza, kwa sababu naona ndo lenye shida yenyewe: kwa nini mtu mzima mwenye macho mawili, na mwingine ana leseni mfukoni, hajui baiskeli inakwenda kasi gani?

Ngoja niwape kisa cha mayai.

Ilikuwa masika, mvua imenyesha usiku kucha, lami imelowa. Mbele yangu kuna kijana wa mayai, wale mnaowajua, Phoenix nyeusi kubwa, keria imeongezewa mbao, trei zimepangwa zimefungwa na mpira wa tairi mpaka zimempita kichwa. Sasa watu wakiona mzigo ule wanadhani mtu anajikokota. Kumbe baiskeli yenye mzigo kuianzisha ndo kazi, ikishakolea mwendo haishikiki, mimi sina mzigo wowote na nilikuwa namfuata nahemea mdomo. Tukafika pale barabara inaposhuka kidogo kabla ya Buguruni. Kushoto kuna sheli, na kwenye mlango wa sheli imesimama gari ndogo ya silva, indiketa inawaka, ndani kuna mzee wa heshima zake, baraghashia, miwani. Nikamwona anageuza shingo anatuangalia. Sio kutupia jicho tu, alimwangalia yule kijana usoni kabisa, na kijana akalegea, maana sisi wa baiskeli ukishaangaliana na dereva unahesabu yameisha, ameshakuona. Alafu mzee akaingia barabarani.

Kijana akabana breki. Breki za Phoenix ni vile vyuma vinavyokamata rimu, na rimu ikilowa ile mipira inateleza tu, unabana unasikia inasaga na baiskeli inaendelea na safari zake. Hakumgonga mzee. Alikata kushoto, tairi la mbele likazama kwenye mchanga, yeye akabaki pale na mayai yakaendelea mbele peke yake.

Akainuka, goti linavuja damu, akachechemea mpaka dirishani kwa mzee, na neno la kwanza kumtoka likawa "Shikamoo mzee". Mzee akajibu "Marahaba". Ndo kijana akasema, "Mzee wangu, umeniua."

Watu walivyojaa hata sielewi walitoka wapi. Mzee akashuka, na niseme ukweli hakuwa mkorofi, alikuwa anatetemeka. Akasema, "Mwanangu, mimi nilikuona. Nilikuona vizuri sana, ila nilijua ni baiskeli." Kijana akamuuliza, sasa kama uliniona si ungengoja nipite? Mzee akasema, "Ningengoja nini na wewe ulikuwa kule! Baiskeli gani inakimbia vile na mayai?" Watu wakacheka. Kuna mama mmoja ana ndoo ya maandazi naye akachangia eti hata yeye alikuwa anataka kuvuka, alimwona kijana, akajua tu atamkwepa.

Bodaboda wa kijiwe cha pale wakajipa uhakimu (bodaboda! wakaanza kumfundisha mzee habari za mwendo, nilitamani kulia). Wakauliza trei ngapi, kijana akasema kumi na tano. Wakahesabu, nne zimepona kabisa, nyingine uji. Ila katikati kulikuwa na mayai yaliyopata ufa hayajamwagika, na kabla hatujajua la kufanya akatokea jamaa wa chipsi na ndoo yake safi, anaokota yale ya ufa moja moja anayasogeza jichoni kama sonara, anasema haya nayachukua kwa mia mia. Mzee kusikia hivyo akasema vizuri, basi hiyo hela ya chipsi ikatwe kwenye deni langu. Kijana akasema haikatwi, mayai ni yangu. Hapo kesi ikahama, tukasahau barabara kabisa ikawa kesi ya mayai. Fundi baiskeli naye akaja akanyanyua tairi la mbele akalizungusha, limepinda, akasema na hili linaingia kwenye hesabu. Mzee akaanzia elfu thelathini, bodaboda wakakataa, mwisho wakafika sitini, hamsini mkononi na kumi kwenye simu, na hiyo kumi nayo ikazua jingine, kijana anataka na ya kutolea. Mzee akaweka na ya kutolea. Yule wa chipsi alishaondoka zamani, na nina wasiwasi hakulipa yote.

Nimekisimulia kirefu kwa sababu ya lile neno la mzee. Nilimwona, ila nilijua ni baiskeli. Hizi kampeni zote za vaa nguo za kung'aa, funga rifleksa, ni nzuri, sikatai, lakini zinadhani shida yetu ni kutoonekana. Kijana wa mayai alikuwa na mnara wa trei juu ya kichwa, atafichwa na nini? Alionekana. Kilichokosewa ni hesabu.

Na hesabu yenyewe si ngumu. Mtu anayetembea anakwenda kama kilomita 5 kwa saa, ndani ya sekunde tatu kasogea mita 4 hivi. Baiskeli ya kawaida ya mtu anayewahi kazini inakwenda 20, sekunde hizohizo tatu imekula mita 16 au 17. Kwenye mteremko ikifika 30 ni mita 25. Sasa dereva akili yake imeshaiweka baiskeli kundi moja na mtembea kwa miguu, anatoka sheli taratibu akiamini ana nafasi ya kupiga miayo. Na macho nayo yanachangia: kitu kinachokujia unakijua mwendo wake kwa jinsi kinavyokua machoni, lori linakua unaliona, lakini kitu chembamba kama baiskeli au pikipiki kinaonekana kilekile, kilekile, alafu ghafla kiko mlangoni. Ndo maana watu wanathubutu kukatiza mbele ya pikipiki ikiwa karibu namna ambayo mbele ya lori wasingethubutu. Ongeza ile nguzo ya pembeni ya kioo cha mbele, inaficha baiskeli nzima na mwenye nayo.

Aina ya pili ya dereva ni yule anayekupita alafu hapohapo anakata kushoto. Huyu nae kapiga hesabu kwamba akishanipita basi mimi nimebaki Tabata. Sijabaki Tabata kaka, niko kwenye mlango wako wa nyuma. Daladala hivyohivyo, anakupita anakuchomekea anasimama kituoni, konda anaruka chini kabla gari halijasimama, hata nyuma haangalii. Na saa ya foleni wakianza kutanua pembeni ndo wanatukuta sisi hukohuko pembeni, tena wanatupigia honi kama vile tumewafuata kwao.

Hapa kuna jambo nitalisema na mtanisamehe. Nadhani wanapima mtu, hawapimi mwendo. Mwenye baiskeli anaonekana hana hela, na asiye na hela anaonekana hana haraka. Wale wa Jumamosi kule Masaki, helmeti, nguo za kubana, baiskeli nyembamba za bei ya pikipiki mbili, nimeona magari yanapunguza mwendo yanawapisha kwa adabu. Kijana wa mayai nani ampishe? Ingawa nao nikiongea nao wanasema wanakatiziwa vilevile, tena vibaya zaidi kwa kuwa wao wana kasi kuliko sisi, kwa hiyo hoja yangu hii labda nusu yake ni kinyongo tu.

Maana watembea kwa miguu hawana gari wala hela ya kuniringia, na hao ndo wananitoa roho kila siku. Watu wa Dar tunavuka barabara kwa masikio. Mtu anasikiliza, hakuna muungurumo, anaingia. Baiskeli haina muungurumo. Siku hizi na masikio yenyewe yamezibwa na ispika. Alafu akikuona hafanyi uamuzi mmoja, anakwenda mbele, anarudi, anasimama katikati anakucheka, na wewe huku umeshachagua upande na yeye kauchagua uleule. Ukipiga kengele anageuka kuangalia ni nani, badala ya kusogea. Dereva angalau nishajua ubaya wake unatokea wapi, ni kushoto na ni mlango. Mtembea kwa miguu anatokea popote, na yule mama wa maandazi alisema kweli tupu, wote wanajua "atanikwepa". Nikukwepee wapi mama yangu, kulia kwangu kuna semi trela.

Sasa mtasema jibu ni njia za baiskeli. Zipo! Morogoro Road tangu mabasi ya mwendokasi yaanze 2016 kuna njia pembeni, nenda kaiangalie asubuhi: bodaboda wamepaki, machinga kapanga viatu, gari imepanda nusu, na watu wanatembea humo wanne wanne wanapiga stori. Kupita humo na mwendo wa kazini ni kutafuta kesi, wengi wetu tunarudi kwenye lami, alafu dereva anatufokea mbona njia yenu ile pale.

Nisiwaonee wengine tu. Baiskeli zinazokuja uso kwa uso na magari, kisa uvivu wa kuvuka upande wa pili, hizo zinaharibu hesabu kabisa, maana dereva anayetoka sheli anaangalia kulia na wewe unamjia kwa kushoto. Na wale wa saa kumi na moja alfajiri, giza, mkaa magunia mawili, hana taa, hana hata kipande cha rifleksa. Yule sio suala la kukosewa hesabu, yule haonekani kweli, na dinamo sio kitu cha kumshinda mtu kununua. Ingawa ukimuuliza atakwambia dinamo inaongeza uzito kwenye kanyagio, na ana gunia mbili, namwelewa, lakini hapana.

Nilianza na hapana yangu nikiwa na sababu moja nzuri sana mfukoni. Kuna mtafiti Mmarekani, Peter Jacobsen, mwaka 2003 aliandika kwamba penye waendesha baiskeli wengi kila mmoja wao anakuwa na hatari ndogo zaidi, na hoja yake ni kwamba madereva wanawazoea na kubadilika. Kwa hiyo ukizizuia, tutabaki wachache wabishi, na wachache ndo wanakosewa hesabu. Hiyo bado naiamini.

Ila nimeandika mpaka hapa nikaanza kuifikiria Mandela yenyewe. Kosa la mzee wa sheli liliishia kwenye mayai kwa sababu alikuwa na kigari kidogo na pembeni kulikuwa na mchanga. Lingekuwa lori la kontena, dereva yuko juu kule, chini ya mlango wake wa kushoto haoni kitu hata akitaka kuona, huyo huwezi kumfundisha kupiga hesabu ya mita 16. Kwa hiyo kama mnaniuliza mimi, kipande cha Tabata Relini mpaka TAZARA, saa za asubuhi, kwenye lami, sawa, zizuieni. Nimesema.

Nimesema kwa masharti lakini. Kwanza njia ya pembeni ya hapo Mandela isafishwe na ibaki imesafishwa, sio wiki moja ya mgambo alafu viatu vinarudi. Pili, kabla haijasafishwa msizuie kitu, maana najua kwetu marufuku inatangulia na barabara inafuata baada ya miaka mitano. Tatu, ni kipande hicho tu, mtu asije akachukua maneno yangu akaenda kuwafukuza wauza maziwa wa Pugu kwenye Nyerere au watu wa Mbagala kwenye Kilwa Road. Na kwenye hiyo njia ya pembeni waandike chini kwa rangi kubwa kwamba baiskeli inakuja, tena inakuja haraka, ingawa sijui nani ataisoma akiwa na ispika masikioni.

Kesho nitapita kwenye lami kama kawaida, njia bado ina viatu.