Ukitaka kukijua kijito, kifuate usiku wa mvua

Mwaka wa kwanza nilipima wingi na hali ya maji ya kijito chetu chini ya msitu, hapa Mbeya, kila Jumatatu saa tatu asubuhi. Namba zilifanana wiki hadi wiki, nikaamini nimekijua.

Novemba mvua ya kwanza ilinyesha usiku, nami nililala shambani jirani. Nikatoka na tochi. Mkono wa kijito unaotoka msituni ulikuwa na rangi ya chai ya rangi, iliyopoa. Ule unaopita kwenye viazi ulikuwa mwekundu, mzito, ukibeba udongo na mbolea ya watu. Kipimo cha chumvichumvi kilipanda kwanza, ndipo kikashuka mvua ilipozidi. Jumatatu iliyofuata? Maji meupe, namba zilezile za siku zote.

Kwa hiyo ratiba ya kila wiki iwepo, lakini weka nguvu zako kwenye mvua za kwanza.

Kosa langu jingine lilikuwa kusoma geji, ile rula ya kupimia kina, kwenye mkato wenyewe wa banio, yaani kizuizi kidogo cha kupimia maji, mahali maji yanapojikunja kushuka. Isimike nyuma zaidi, umbali wa angalau mara nne ya kina kikubwa unachotarajia. Kwenye mkato wa V wa nyuzi 90, kina cha sentimita 10 ni kama lita 4.4 kwa sekunde. Sentimita 20 ni karibu lita 25. Pale kwenye 10, ukisoma kwa kuzidisha sentimita moja tu, umeongeza maji ambayo hayapo, zaidi ya robo ya yaliyopo.

pH, yaani kiwango cha asidi ya maji, ipime hapohapo kijitoni. Chupa isuuze mara tatu kwa maji yaleyale, ijaze hadi mdomoni, iweke kwenye barafu, maana vijidudu hula nitrati njiani.

Tena usiende na jibu mfukoni, kwamba msitu lazima utoe maji mengi zaidi. Kuanzia 1958, kwa takriban miaka kumi, watafiti walilinganisha mabonde mawili hukuhuku Mbeya, moja la msitu, jingine la mashamba. La mashamba lilitoa maji mengi zaidi, hata kiangazi: miti hunywa sana, na udongo wetu wa majivu ya volkano hunyonya mvua hata ukilimwa. Naupenda msitu na nitautetea, ila kwa hoja ninazoweza kuzipima, kama ule udongo mwekundu wa usiku ule.

Kuanzia mwisho wa Oktoba, chupa zangu nne hukaa mlangoni ndani ya ndoo, tochi juu yake.