Kuwafuatilia wagonjwa kwa simu: kabla ya kununua mfumo, mteueni wa kujibu

Umeuliza iwapo kituo chenye wauguzi wachache kinaweza kuwazuia wagonjwa wa shinikizo la damu wasipotee baada ya hudhurio la kwanza kwa kununua mfumo wa kutuma ujumbe wa kukumbusha miadi. Nimekuwa muuguzi katika kliniki ya magonjwa ya muda mrefu kwa miaka kadhaa, na kwa niliyoyaona, simu husaidia sana pale tu panapokuwa na mtu aliyekabidhiwa kazi ya kupokea majibu.

Sisi tulianza kwa kutuma ujumbe usiojibika. Wagonjwa walisoma kwamba miadi yao ni kesho, lakini aliyeishiwa nauli, aliyevimba miguu kwa sababu ya dawa, na aliyeacha dawa kwa kuwa anajisikia mzima hawakuwa na pa kusemea. Ninavyoona, wengi hawasahau tarehe. Wana shida ambayo ukumbusho hauigusi.

Ushahidi ninaourejea mara nyingi ni utafiti wa WelTel uliofanyika Kenya na kuchapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2010. Watu 538 walioanza dawa za kupunguza makali ya VVU waligawanywa katika makundi mawili, na kundi moja likawa linatumiwa kila wiki neno moja tu: "Mambo?" Kila mmoja alitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48, na aliyesema ana shida, au aliyekaa kimya, alipigiwa simu na mhudumu wa afya. Waliozingatia dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 katika kundi hilo, na asilimia 50 katika kundi lililopata huduma ya kawaida. Nchini Kamerun, jaribio la watu 200 lililotumia ujumbe wa kila wiki wa kutia moyo, bila kumtaka mgonjwa ajibu, halikuonyesha tofauti ya maana. Tofauti kati ya tafiti hizo mbili ndiyo iliyonifanya niombe kliniki yetu itenge saa mbili kila asubuhi kwa ajili ya kuwapigia walionyamaza.

Jambo la pili, nalo linanigusa zaidi, ni siri ya mgonjwa. Mama mmoja aliacha kuja kwa sababu namba aliyotuandikisha ilikuwa ya shemeji yake, nasi tulikuwa tumetaja jina la kliniki kwenye ujumbe. Tangu siku hiyo, kabla ya kuandika namba yoyote, tunauliza simu ni ya nani, nani mwingine huishika, na kama mgonjwa anaridhia tumtafute kupitia kwake. Ujumbe wenyewe hautaji ugonjwa, dawa wala kituo. Namba huhakikiwa katika kila hudhurio, kwa kuwa watu hubadilisha laini mara kwa mara.

Kuhusu gharama, simu moja ya kawaida na daftari vinatosha kuanzia. Simu hiyo iwe mali ya kituo, maana muuguzi akihama na simu yake, wagonjwa hupoteza namba waliyoizoea. Mjulisheni pia kila mgonjwa kwamba asiye na salio anaruhusiwa kubipu, kisha wekeni fungu la muda wa maongezi kwenye bajeti ili abipuye apigiwe siku hiyohiyo.