Risasi zinaenda chini kushoto? Wacha kulaumu bastola

Wadau, mwaka wangu wa kwanza na leseni nilikua naambia kila mtu ati Glock 17 yangu imepinda saiti, vile vyuma vya kulengea juu yake. Mita saba tu, shabaha kubwa kama sinia, na risasi zote zinajikusanya chini upande wa kushoto. Nikaomba mzee mmoja pale renji anijaribie, akapiga tano, zote zikakaa mahali unaweza funika na kizibo cha soda, akanirudishia bila kusema kitu. Aibu!

Halafu akachukua magazini yangu, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwa mpini, akanipa mgongo, akachanganya risasi za kweli na zile bandia za plastiki, mi sijui gani iko wapi. Ya kwanza pah, ya pili pah, ya tatu ikalia tu tik... na mdomo wa bastola ukainama kama jembe linaingia shambani. Risasi hakuna, teke la bastola kuruka hakuna, lakini mkono ulikua ushasukuma. Hapo ndo nikajielewa, kumbe mi naogopa mlio kabla haujalia, nasukuma bastola chini kuzuia teke ambalo bado halijafika na wakati huohuo kidole kinanyakua traiga. Kwa sisi wa mkono wa kulia hiyo inapeleka risasi chini kushoto, wa mashoto inawapeleka chini kulia.

Sasa, mazoezi mengi yaliyonisaidia sikufanyia renji, na risasi zenyewe si bei ya njugu bana. Ni nyumbani, dakika kumi watoto wakishalala, bila risasi. Na hapa usilete mchezo: toa magazini, vuta slaidi (lile chuma la juu linalorudi nyuma), angalia chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho kisha uguse kwa kidole, risasi zote zibaki chumba kingine, na ukuta unaolenga uwe wa mawe, nyuma yake kusiwe na mtu analala. Nikienda kumimina chai, nikirudi nakagua upya kutoka mwanzo. Mama watoto ananicheka ati nimekua kama mtu anarudi nyumbani kuangalia kama alizima gesi, sawa tu, acheke.

Zoezi lenyewe ni jepesi ila linachosha. Weka sarafu ya shilingi moja juu ya slaidi karibu na saiti ya mbele, halafu finya traiga bila kuiangusha. Traiga ya Glock ina sehemu nyepesi ya mwanzo, kisha unahisi imekaza, ukifika hapo usisimame wala usinyakue, endelea tu kufinya moja kwa moja kurudi nyuma mpaka iachie yenyewe. Kidole cha shahada peke yake ndo kinafanya kazi! Hivyo vingine vitulie, ukivikaza vyote pamoja unakua unakamua ng'ombe. Kila ukifyatua lazima uvute slaidi tena ndo traiga irudi, na sarafu unairudisha upya, kwa hivyo siku za kwanza utatukana kidogo.

Teke nalo huwezi kulizuia, unachotaka ni saiti ipande na irudi palepale. Shika juu kabisa nyuma ya mpini, kiganja cha kushoto kijaze ile nafasi inayobaki na ndicho kikaze zaidi, mwili uegemee mbele kidogo. Mi nilikua nasimama nimeegemea nyuma kama nangoja matatu.

Ukifika renji anza na moja moja, traiga uishikilie nyuma baada ya mlio kisha uiachilie polepole mpaka usikie kale ka-klik ka traiga kuwa tayari tena, usiachilie zaidi ya hapo. Baadaye mbili, halafu sita mfululizo. Kama hukuona saiti ikipanda, ulifunga macho, usibishane na mimi.

Wiki jana tumechanganya tena na yule mzee. Kwa tik nne, moja bado iliinama.